Punje za Sissa: Namba 18,446,744,073,709,551,615 na Historia ya Kuhesabu kwa Kiswahili



Mtu aliyetumia umri wake katika ngeli za nomino hutarajiwa kuzungumzia ngeli za nomino. Leo naomba radhi kwa kuja na namba. Namba yenyewe ni 18,446,744,073,709,551,615, na swali linalonileta mbele yenu ni la kiisimu: namba hii hutamkwaje kwa Kiswahili, na je, msikilizaji asiyeyaona maandishi yake anaweza kuiandika bila kukosea? Niliwahi kuwapa swali hili wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Baadhi walikaa kimya, wengine wakaisoma kwa Kiingereza, na mmoja, tena hodari, akasema kwamba Kiswahili hakina namba kubwa kiasi hicho. Kauli hiyo ndiyo iliyozaa mhadhara huu.

Nitadai kwamba mwanafunzi yule alikosea mahali tusipopadhania. Maneno ya namba kubwa tunayo, na yale tusiyokuwa nayo hupatikana kwa kukopa, kama lugha zote zilivyofanya. Tusichokuwa nacho mpaka sasa ni makubaliano kuhusu mpangilio wa maneno hayo, na hasa kuhusu kiunganishi kidogo *na*. Hata hivyo, kabla ya kulifikia dai hilo itatubidi tuijue namba yenyewe, maana haikuokotwa njiani.

1. Punje, maghala na miji

Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu wa watu mashuhuri aliyefariki mwaka 1282, anapomwandika as-Suli, bingwa wa sataranji wa Baghdad katika karne ya 10, anaingiza kisa cha Mhindi aitwaye Sissa mwana wa Dahir. Sissa alibuni mchezo wa sataranji, mfalme wake akafurahi, akamwambia ajichagulie zawadi. Sissa akaomba punje moja ya ngano katika nyumba ya kwanza ya ubao, punje mbili katika nyumba ya pili, nne katika ya tatu, nane katika ya nne, na kuendelea kurudufu vivyo hivyo mpaka nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo lisilolingana na hadhi yake, akaamuru litekelezwe. Watunza hesabu wake walipokaa chini na kukokotoa, walirudi na habari kwamba ngano ya ufalme wote haitoshi.

Nimesema "nyumba" kwa makusudi. Waandishi wa Kiarabu huuita kila mraba wa ubao huo *bayt*, yaani nyumba, na mcheza bao wa Unguja au Lamu hatalishangaa jina hilo. Bao lenyewe lina mashimo 32 na kete 64, ingawa sitaki kujenga nadharia juu ya sadfa hiyo.

Linalonivutia mimi halimo katika kisa bali katika yale yanayokifuata. Ibn Khallikan anakiri kwamba mwanzoni hakuamini kuwa kurudufu punje kungeweza kufikia kiasi kikubwa hivyo, mpaka alipokutana na mhasibu mmoja wa Alexandria. Mhasibu yule alirudufu hadi nyumba ya 16, akapata punje 32,768, na hapo akaacha kuhesabu punje. Kiasi hicho, alisema, tukichukulie kuwa kadahi moja, kipimo cha nafaka cha Misri. Akaanza kurudufu kadahi. Zilipokuwa nyingi akahamia kwenye vipimo vikubwa zaidi, na katika nyumba ya 40 akafikia kiasi alichokichukulia kuwa ghala moja zima. Nyumba ya 50 ikawa na maghala 1,024. Hayo akayaita mji mmoja. Nyumba ya 64, hiyo peke yake, ikawa na miji 16,384 iliyojaa maghala ya ngano, na kwa jiografia ya zama zao dunia haikuwa na miji mingi kiasi hicho. Ndipo Ibn Khallikan akaamini.

Zaidi ya miaka 200 kabla yake, al-Biruni wa Khwarazm alikuwa amekwisha kuikokotoa jumla hiyo katika kitabu chake cha kalenda na tarehe za mataifa ya kale, alichokiandika karibu na mwaka 1000. Naye alipotaka msomaji auone ukubwa wake, alitumia njia ileile: alizifunga dirhamu katika mifuko, mifuko akaipakia kuwa mizigo ya nyumbu, mizigo akaigawa katika makundi ya nyumbu, makundi akayaweka katika mabonde, na mabonde katika milima, hadi akabakiwa na milima 2,305.

Hebu tuitazame mbinu hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Mabwana hawa wawili hawakuongeza uwezo wao wa kuhesabu. Kila idadi ilipozidi uwezo wa fikra, walitafuta kizio kipya, wakakipa jina, kisha wakaanza tena kuhesabu moja, mbili, tatu. Huo ndio utaratibu wa maneno *kumi*, *mia* na *elfu* katika lugha yoyote iliyo nayo. Pwani yetu iliufahamu vizuri katika biashara ya nafaka: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi sitini ni jizla. Muuza mchele aliyepima kibaba, kisaga na pishi alikuwa, bila kujua, amesimama katika nyumba tatu za mwanzo za ubao wa Sissa.

2. Undani wa namba yenyewe

Sasa naomba uvumilivu wa wale waliodhani wameiacha hisabati kidato cha nne. Ninaileta hapa kwa sababu mbili: namba hii ina uzuri wake, na tena nataka tusikie kama Kiswahili kinaweza kuubeba uthibitisho mzima bila kukwama.

Jumla ya nyumba za mwanzo za ubao, ziwe ngapi, daima hupungua kwa punje moja tu kulinganisha na nyumba inayofuata. Moja na mbili ni tatu, na nyumba inayofuata ina nne. Moja, mbili na nne ni saba, na inayofuata ina nane. Basi jumla ya nyumba zote 64 ni pungufu kwa moja ya kile ambacho nyumba ya 65, ambayo haipo, ingekuwa nacho. Na hicho ni 2 kwa kipeo cha 64. Kwa alama za kihisabati, namba yetu ni 2⁶⁴ − 1. Mtu akihesabu punje moja kila sekunde, usiku na mchana, atahitaji zaidi ya miaka bilioni 584. Wataalamu wa kompyuta nao wanaifahamu kwa sura nyingine: ikiandikwa kwa mfumo wa tarakimu mbili, 0 na 1, ni safu ya moja 64 zilizofuatana, na ndiyo namba kamili kubwa kuliko zote inayoweza kukaa katika biti 64 pasipo alama ya hasi.

Namba hii ni witiri, kwa kuwa haigawanyiki kwa mbili. Maneno *shufwa* na *witiri* tumeyapokea kutoka Kiarabu, na ya pili hujulikana hata kwa asiyejua hisabati kwa sababu ya swala ya witiri, yenye rakaa zisizogawanyika kwa mbili. Je, namba hii ni tasa? Hapana, na hilo huonekana mara moja: inaishia na 5, hivyo inagawanyika kwa 5, tena jumla ya tarakimu zake ni 87, hivyo inagawanyika kwa 3. Lakini kuna njia nzuri zaidi ya kuifungua. Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba tofauti ya vipeo vya pili viwili ni zao la jumla na tofauti. Kwa kuwa 2⁶⁴ ni kipeo cha pili cha 2³², namba yetu ni zao la 2³² + 1 na 2³² − 1. Hiyo ya mwisho nayo yafunguka vivyo hivyo, na kitakachobaki kitafunguka tena, mpaka tufike chini kabisa. Tunapata:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Kila mojawapo ya namba hizi sita imezidi kwa moja kipeo cha 2, na kila kipimo cha kipeo ni maradufu ya kilichotangulia. Mwanasheria Mfaransa Pierre de Fermat, ambaye hisabati ilikuwa burudani yake, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za umbo hilo ni tasa. Kwa tano za mwanzo alikuwa sahihi. Kwa ya sita alikosea, na kosa lake lilikaa karibu karne nzima hadi Leonhard Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641. Euler alionyesha baadaye kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kiwe kimezidi kwa moja kigawe fulani cha 64, na 641 ni 640 na moja. Uthibitisho nitakaoutoa hapa ni mwingine, nao ni mfupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi chache.

Namba 641 ni 640 na 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Tena 641 ni 625 na 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Chukua sura hii ya pili uizidishe kwa 2²⁸. Utapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Sehemu yake ya kwanza si kitu kingine ila 640⁴. Kwa hiyo 640⁴ + 2³² ni kigawe cha 641. Kwa upande mwingine, 640² − 1 ni zao la 639 na 641, na 640⁴ − 1 ni kigawe cha 640² − 1. Basi nayo ni kigawe cha 641. Toa hii ya pili katika ile ya kwanza. Kinachobaki ni 2³² + 1, na tofauti ya vigawe viwili vya 641 haina budi kuwa kigawe cha 641. Imethibitika.

Hakuna neno hata moja katika aya hiyo lililobuniwa kwa ajili ya mhadhara huu. *Kigawo*, *kigawe*, *kipeo*, *zao*, *tofauti*: yote yamo katika vitabu vya hesabu vya shule za msingi, na mengi yamekuwamo tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule hizo nchini Tanzania mwaka 1967, mwaka uleule ilipoundwa BAKITA. Mtoto wa darasa la tano au la sita anayejua kigawo na kigawe anayo msamiati wa kumsahihisha Fermat. Akiingia sekondari huambiwa ajifunze upya mambo hayohayo kwa Kiingereza, naye hutoka akiamini kwamba lugha yake ilikuwa ngazi tu ya kupandia. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alikuwa mmoja wao.

Sitasema kwamba kila istilahi tuliyoichagua ni kamili. *Namba tasa* imenisumbua kwa miaka mingi. Wagiriki waliziita namba hizo za kwanza, Waarabu wakafuata, na Ulaya nayo ikafuata. Sisi tukaziita tasa, kana kwamba hazizai. Kumbe mambo ni kinyume: 641 haikuzaliwa na namba nyingine kwa kuzidisha, lakini yenyewe imezaa vigawe visivyo na mwisho. Kama tungefuata mantiki ya ukoo, namba tasa ndizo mababu ambao wazazi wao hawajulikani. Lakini istilahi ikishazoeleka haiwajibiki tena kuwa kweli, na mimi si mmoja wa wanaotaka kuibadilisha.

Tukimaliza kuifungua, namba yetu ni zao la namba tasa saba tofauti: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kwa hiyo ina vigawo 128 kamili. Tano kati ya hizo saba, yaani zile za Fermat, zina habari nyingine katika jiometri, kwani Gauss aligundua mwaka 1796, akiwa bado kijana, kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Lakini huko tukienda hatutarudi leo.

3. Maneno yaliyokuja na majahazi

Tukirejea kwenye lugha, mfumo wetu wa namba ni wa tabaka tatu, na kila tabaka lina historia yake. La chini ni la Kibantu: *moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi*. Zamani lilikuwa pana zaidi. Tulikuwa na *tandatu* kwa sita, na *kenda* kwa tisa ingali hai katika vinywa vya wazee na katika ushairi. *Fungate* ilikuwa saba. Leo imebaki kuwa jina la siku za mapumziko ya maharusi, ambazo zamani zilikuwa saba kweli, na sasa huwa nyingi au chache kulingana na mfuko wa bwana harusi.

Tabaka la pili ni la Kiarabu: *sita, saba, tisa*, makumi kuanzia *ishirini* hadi *tisini*, kisha *mia* na *elfu*. Wako wanaoliona tabaka hili kuwa ushahidi kwamba Waswahili hawakuweza kuhesabu zaidi ya kumi kabla ya wageni. Hoja hiyo ni dhaifu. Kinyarwanda kina *ijana* kwa mia na *igihumbi* kwa elfu, na ndugu zake wengi wa Kibantu wana maneno yao vilevile. Lugha hukopa namba za mtu inayefanya naye biashara, kwa sababu bei ni lazima ieleweke pande zote mbili. Mkopo ulikwenda mbali hata tukawa na *mitini* kwa mia mbili na *elfeni* kwa elfu mbili, ambazo ni maumbo ya uwili ya Kiarabu, na *thenashara* kwa kumi na mbili. Hayo yalififia. Kilichobaki ni maneno ya Kiarabu katika sarufi ya Kibantu, na jambo hili ni la msingi kwa hoja yangu. Mwarabu hutaja mamoja kabla ya makumi. Hata huku kwetu ilikuwapo *hamsa wa ishirini* kwa 25. Kiswahili kilipochagua *ishirini na tano*, kilichukua maneno ya mgeni na kuyaketisha kwa adabu ya nyumbani.

Katika tabaka hilohilo likaingia *laki*, kutoka lugha za India, kwa maana ya 100,000. Nataka mlitazame vizuri neno hili, kwa sababu ni mgeni aliyekuja bila ndugu zake. Kule India, baada ya elfu, namba hupangwa kwa tarakimu mbilimbili: kuna laki, na baada ya laki mia moja kuna kizio kingine chenye jina lake. Sisi tulichukua laki peke yake, kisha tukapokea kutoka Ulaya *milioni* na utaratibu wa kuweka mkato kila baada ya tarakimu tatu. Matokeo yake, laki haina mkato wake. Katika 551,615 mkato unakata baada ya 551. Jicho linaona elfu mia tano hamsini na moja, lakini ulimi wa sokoni unasema laki tano, elfu hamsini na moja. Macho na masikio yetu hayasomi namba moja kwa namna moja.

Tabaka la tatu, la Ulaya, nalo lina mgogoro wake. Nchini Uingereza *bilioni* ilikuwa na maana ya milioni milioni mpaka serikali ya huko ilipoamua rasmi mwaka 1974 kufuata desturi ya Marekani, ambayo kwayo bilioni ni milioni elfu moja. Afrika Mashariki imefuata desturi hiyohiyo. Lakini Ufaransa haikuifuata. Huko milioni elfu moja ni *milliard*, na bilioni ni kubwa mara elfu kuliko yetu. Kwa sababu hiyo Mswahili wa Lubumbashi, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, husema miliari pale ambapo wa Nairobi husema bilioni. Na wakikutana mezani kuzungumza bajeti, wote wawili wakiwa wanasema Kiswahili safi, neno bilioni linaweza kuwa na maana mbili zinazotofautiana mara elfu moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina kila sababu ya kulijadili jambo hili.

4. Kiunganishi *na*

Nilisema kwamba tatizo letu halimo katika maneno. Nitaeleza nilivyolifahamu.

Mwaka 1984, nikiwa kijana wa likizo, nilipata kibarua cha kuandika vitabu katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa korosho. Karani mkuu alikuwa akisoma jumla za vijiji kwa sauti, nami naandika. Kwa kijiji kimoja alisoma "elfu ishirini na tano". Niliandika 20,005. Hakuna aliyeshituka, karatasi ikapigwa muhuri, ikaenda. Siku nne baadaye alikuja mzee mmoja, mwakilishi wa kijiji kile, amebeba stakabadhi zake ndani ya kitambaa. Hakunigombeza. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine, akanifanya nizijumlishe mwenyewe. Zikafika 25,000. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nisamehe, niliandika nilivyosikia." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Ulisikia sawasawa, lakini hukusikia kwamba sisi tuna watoto shuleni." Kijiji kililipwa shilingi 4,995 zilizobaki baada ya wiki mbili, na karo za muhula ule zilikuwa zimekwisha kuchelewa.

Ilinichukua miaka mingi, na shahada tatu, kuweza kulieleza kosa lile kwa istilahi za taaluma. Katika Kiswahili kirai nomino huanza na nomino, na idadi huifuata: *watu wawili, pishi tatu*. Maneno *elfu, laki* na *milioni* hufuata kanuni hiyo kama nomino nyingine yoyote: *elfu mbili, laki tatu*. Ni vizio, kama kadahi na ghala za mhasibu wa Alexandria. Sasa, katika *elfu ishirini na tano*, kiunganishi *na* chaweza kufungamana mahali pawili. Chaweza kuunganisha *ishirini* na *tano* ndani ya idadi, tukapata vizio 25 vya elfu. Au chaweza kuunganisha kirai kizima *elfu ishirini* na *tano* iliyo nje, tukapata 20,005. Sarufi inaruhusu zote mbili. Kiingereza hakina tatizo hili hapo kwa sababu kizio hufuata idadi na kuifunga kama mlango. Chetu hutangulia, na mlango wa nyuma hubaki wazi.

Wasemaji hawakukaa wakisubiri wanaisimu. Wengi nchini Kenya husema *ishirini na tano elfu*. Kizio kimehamishwa nyuma, utata umekwisha, ila kirai kimegeuzwa kinyume cha mpangilio wa nomino na kivumishi chake. Nilipokuwa mdogo kitaaluma niliandika kwamba hilo ni kosa linalotokana na athari za Kiingereza. Naifuta kauli hiyo leo. Wasemaji walikuwa wanatatua tatizo halisi ambalo sisi wa Tanzania tumeliachia mkato, na mkato hausikiki. Hata hivyo, njia hiyo inachosha namba zinapokuwa ndefu, kwa sababu msikilizaji hulazimika kuhifadhi kila idadi kichwani kabla hajajua ni ya kizio gani. Kwa namba yenye vizio saba, mpangilio wetu wa kutanguliza kizio una faida: msikilizaji anaambiwa kwanza ni ghala gani linafunguliwa, ndipo anaambiwa kilichomo.

Pendekezo langu ni dogo. Kiunganishi *na* kitumike ndani ya idadi tu, yaani chini ya kila kizio, na kisitumike kamwe kati ya kizio na kizio. Kati ya vizio pawe na kituo, na kizio kinachofuata kitajwe mara moja. Pale ambapo hakuna kizio cha kutaja, kama katika 20,005, tuseme *elfu ishirini pamoja na tano*. Neno *pamoja* lifanye kazi ya ukuta. Na katika maandishi ya fedha na ya mahakama, laki isichanganywe na elfu ndani ya namba moja. Ama tuseme laki tano na nusu kwa makadirio ya mazungumzo, ama elfu mia tano hamsini na moja kwa hesabu kamili. Sisemi laki iondoke sokoni. Hakuna mwanaisimu aliyewahi kuondoa neno sokoni.

Kwa kanuni hiyo, na kwa kuongeza maneno mawili ya mkopo ambayo yanafuata njia ya *trilioni*, jumla ya punje za Sissa husomeka hivi: kwintilioni kumi na nane, kwadrilioni mia nne arobaini na sita, trilioni mia saba arobaini na nne, bilioni sabini na tatu, milioni mia saba na tisa, elfu mia tano hamsini na moja, mia sita kumi na tano.

Waliokuwa wakiandika wakati ninasoma nawaomba waniletee karatasi zao baada ya mhadhara. Wenye tarakimu pungufu ya ishirini watazame kwanza kwenye bilioni, ambako sifuri ya 073 haikutamkwa na haina budi kuandikwa. Hilo nalo ni suala linalohitaji kanuni, nami sina muda wa kulifikia jioni hii.